Nyota Kwenye Nyaya za Nyamvula

Huu ni ukweli mtupu. Naapa kwa meno niliyobakiwa nayo, na si mengi ya kuchezea: pakipatikana neno moja la uongo humu ndani, Anwar ammiminie kahawa kila aliyekaa kwenye benchi hili, na kashata juu, mlipaji mimi.

Asubuhi moja Nyamvula alikuwa akikamua ovaroli uani kwenye ploti ya Mzee Nguma, huku Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta. Kazi yake ni udobi. Wateja wake ni wapakiaji mafuta na madereva wa malori, watu ambao nguo zao zikivuliwa husimama zenyewe. Kazi hiyo yataka maji, na bomba la wapangaji lilikuwa limekauka tangu masika. Ukilifungua, lakohoa. Maji yalikuwa kwenye tangi la Mzee Nguma, pembeni mwa ua, naye aliyauza kwa mtungi. Kila mwezi bei ilipanda, na Nyamvula alishajiambia: ikipanda tena, beseni linauzwa, narudi Kaloleni kwa dada.

Quinter, mpangaji wa ghorofani, akashuka na kibunda cha waya begani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akitafuta shahada ya mambo ya nyota.

"Shikamoo, mama. Naomba nyaya zako za kuanikia."

"Marahaba. Umnyonge nani?"

"Nisikilize nyota."

"Saa hizi, jua lote hili?"

"Redio haingoji giza, mama."

Akamweleza. Kuna nyota, alisema, imekufa lakini haijatulia. Imejikunja ikawa ndogo, waweza kuipachika baina ya Likoni na Mtwapa. Wataalamu huiita pulsa. Inazunguka kwa kasi ya cherehani, na kila ikizunguka hutumulika kwa mawimbi ya redio, kama taa ya mnara wa bandarini. Mawimbi yake hayatikisiki ovyo. Huja yamesimama, yakainama, yakalala, na kwa huko kuinama mtu hujua sumaku ya nyota imekaa vipi. Lakini ili kuuona mwinamo huo wahitaji nyaya mbili zinazokatana kama msalaba.

Nyamvula alizitazama nyaya zake. Mmoja ulitoka mlango wa choo hadi mpapai. Wa pili ulitoka chini ya dirisha la Quinter hadi tangi la Mzee Nguma. Zilikatana katikati ya ua.

"Unganisha," akasema. "Ila nguo zangu haziteremki."

Nyota ilipopanda upande wa Likoni, ovaroli ziliamka. Upepo haukuwapo hata wa kumpepea nzi. Miguu ya suruali iliinuka, mikono ikainuka, zote zikaegemea upande mmoja kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Kisha zikaanza kugeuka taratibu, kutoka kusimama hadi kulala, huku zikitetemeka kwa kasi ya cherehani. Jirani mmoja akaomba suruali ya mumewe iwekwe mwisho wa waya, maana mumewe ana kiuno kibovu. Mwingine akalalamika kwamba shuka lake limemzibia mlango. Nyamvula alipitisha mkono kwenye pindo la ovaroli moja akaona limenyooka kuliko la pasi. Akaokoa makaa ya siku hiyo.

Mambo yakaendelea hivyo. Nguo zikiinama, Quinter hunakili, Nyamvula huanua. Kilichomkera Quinter ni zile nguo za karibu na tangi. Nyingine zikienda kulia, zile zilijipinda kushoto, na soksi zilijisokota kabisa.

"Kuna kitu kinapinda wimbi," alisema. "Huko juu, baina ya nyota na nyota, kuna sumaku za kufanya hivyo. Lakini baina ya kibanio na kibanio?"

"Huenda ni soksi zenyewe," akasema Nyamvula. "Za dereva wa Malaba hizo. Zimeona mengi."

Hata hivyo alichukua shati bichi, akalishika mabegani, akatembea nalo uani kama mtu anayecheza dansi na mume mlevi. Shati lilipojisokota alisimama, na Quinter akamwaga jivu pale. Wapangaji wakatoa viti wakakaa kutazama. Jivu lilianzia kwenye bomba kuu la barabarani, likapita chini ya lango, likapita mlangoni kwa Nyamvula mwenyewe, likaishia kwenye tangi la Mzee Nguma.

Wakachimba. Hakikuwa kina kirefu. Chini palikuwa na bomba la chuma, baridi, linatoka jasho, na ukilishika lilikudunda kiganjani kwa kasi ya cherehani.

"Hili ndilo bomba letu," Nyamvula akasema, kwa sauti ya mtu anayekiona kiatu chake mguuni pa mwenzake.

Mzee Nguma akatoka, mswaki mdomoni, kofia kichwani.

"Mwachimba nini uani kwangu?"

"Maji yetu, baba."

"Yangekuwa yenu, yangetoka kwenye bomba lenu."

"Ni nyota imeonyesha, mzee," Quinter akasema.

Mzee Nguma akatazama juu. "Nyota hiyo imepanga kwangu?"

"Hapana."

"Basi isiingilie mambo ya ploti."

Lakini alipomwona Nyamvula na shati bichi mikononi, moyo ulimlainika. Akavua kofia, akaishika kifuani. "Nisamehe, mwanangu," akasema, na chozi likamtiririka hadi kwenye mswaki. "Nisameheni wapangaji wangu wote." Kisha akaivaa kofia, akaagiza shimo lifukiwe, watoto wasije wakaanguka. Likafukiwa, bomba likiwa ndani. Mwisho wa mwezi bei ya maji ikapanda kidogo, kwa ajili ya matumizi ya nyota.

Quinter alipeleka kazi yake chuoni. Maprofesa waliisifu nyota, wakamwambia tu amtoe Mzee Nguma na bomba lake kwenye hesabu. Akamtoa. Mchoro ukakaa sawa, akapata shahada yake.

Nyamvula hakuuza beseni. Nyota inampigia pasi, na pesa aliyokuwa akinunulia makaa sasa yamalizikia kwenye mtungi. Hiyo ndiyo habari yenyewe, kama ilivyotokea.

Basi msimulizi alikuwa amefika hapo, anajifuta jasho, ndipo sauti ikatoka nyuma ya benchi.

"Mzee Mramba! Weye ni mwongo wa kutupwa."

Alikuwa Nyamvula, na furushi la ovaroli kichwani.

"Kwani nguo hazikuinama?" mzee akauliza.

"Ziliinama. Tazama hilo shati lako."

Watu wakatazama. Pindo la shati la mzee lilikuwa limeinuka kuelekea Likoni, linatetemeka kidogo.

"Bomba je?"

"Liko pale pale, nalikanyaga kila nikitoka mlangoni."

"Soksi?"

"Hadi leo zajisokota."

"Sasa uongo uko wapi, mwanangu?"

"Nguma kuomba msamaha!" Nyamvula akatua furushi. "Nguma! Avue kofia! Na chozi juu! Hata haya huoni, mtu mzima?"

Benchi zima likageuka kumtazama msimulizi. Watu walioimeza nyota bila hata kukohoa walitikisa vichwa.

"Hapo umezidisha, babu," Anwar akasema kwa huzuni.

Mzee akatia mkono mfukoni. Akatoa pesa, akalipa vikombe vya wote na kashata juu. Anwar akalitikisa dele la kahawa, halikuwa na kitu. Akachukua mtungi, akavuka barabara hadi kwa Mzee Nguma, naye akamfungulia maji na kuipokea pesa, kofia kichwani.