Uso Uliofungwa kwa Kitani

Harufu ya mashina ya kitani yaliyolowekwa katika mto Leie ilipenya hadi ndani ya ghala la Alida, mchonga sanamu, ikachanganyika na ya udongo mbichi. Nje, ukungu ulikuwa umeimeza miti yote. Mdogo wake, Godelieve, alikaa dirishani, mikono magotini.

Kesho yake Godelieve angeingia kwa watawa wasiotoka nje. Tangu hapo Alida angemsikia tu, sauti nyuma ya pazia. Picha yake hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na kichwa hiki cha udongo, na kila alipokigusa kilizidi kufanana na mdogo wake, kikazidi kuwa mgeni.

"Dada, umenitokeza macho kama samaki wa Ijumaa."

"Nyamaza wewe. Midomo inahama."

"Basi usinichekeshe."

"Nani kakuchekesha?"

"Hiyo pua!"

Wakacheka hadi machozi. Kicheko kilipoisha, uso wa Godelieve ukalegea, macho yakafumba nusu, kama enzi zile walipolala kitanda kimoja wakisikiliza mvua juu ya vigae. Alida akanyoosha kidole gumba aunase kwenye udongo. Lakini uso ule ulikuwa umeshaondoka.

"Nenda kapumzike, dada," Godelieve akasema jua lilipozama. "Nitakifunika mwenyewe."

Alida alikuwa na desturi ya kutandaza vitambaa vibichi juu ya vijiti, visiguse udongo. Hakukumbuka kumwambia. Godelieve, aliyekanda mikate ya nyumbani tangu utoto, alilowesha kitambaa cha kitani, akakizungushia kichwa kile na kukikaza kama anavyofunga donge la unga lisikauke. Kisha akalipapasa shavu la udongo, taratibu, kwa kiganja.

Asubuhi Alida alimsindikiza hadi kwenye mlango wa watawa. Aliporudi, alimkuta Cyriel, fundi aliyekuja kukimiminia kichwa kile plasta ili kutoa kalibu, ameshafungua kitambaa.

"Mama yangu! Nani kakifunga hivi? Kwani huu ni mkate?"

Pua ilikuwa imebonyea kidogo. Kope zilikuwa zimeshuka. Mashavuni nyuzi za kitani zilikuwa zimejichora, moja baada ya nyingine, na kando ya mdomo palikuwa na kibonyeo cha kiganja.

"Kilainishe upesi," Cyriel akamhimiza. "Udongo unakauka, hautungoji mimi wala wewe."

Alida akalowesha kidole gumba, akakisogeza hadi kwenye kope. Hapo akasimama. Macho yale yaliyofumba nusu yalikuwa yanasikiliza kitu. Yalikuwa yanasikiliza mvua.

Akakifuta kidole chake kwenye aproni.

"Koroga plasta, Cyriel."

"Hivi hivi? Watu watasema hukumaliza."

"Ni kweli sikumaliza. Kamaliza yeye."

Cyriel akatikisa kichwa, akaanza kukoroga. Alida akaweka kiganja chake juu ya kile kibonyeo, bila kugusa, akauhisi ubaridi wa udongo ukipanda. Kisha akasogea pembeni, weupe wa plasta ukaanza kumiminika.