Marehemu Hajakubali

Jumamosi mchana msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha jirani yake, mwenye duka la taa na nyaya, simu ilipolia kwenye meza ya vitana. Ilikuwa simu ya marehemu mumewe. Hakuwahi kuizima kwa sababu ya sauti zilizomo: anapouliza kama vitunguu vimeisha, anapomwimbia vibaya makusudi.

"Tumeboresha masharti yetu," jirani alisoma. "Kuanzia leo sauti zote zilizohifadhiwa humu ni mali ya kampuni. Bonyeza Nakubali, yaishe."

"Sibonyezi. Sauti si yangu, na mwenyewe hayupo."

Mwenyewe aliingia kwa mlango wa uani, amevaa suti aliyozikwa nayo, akapangusa viatu. Enzi zake alikuwa fundi makufuli, na siku ya ndoa alimsubirisha msajili mpaka amalize kusoma cheti chote, mbele na nyuma, wageni wakipiga miayo.

"Karibu, shemeji," jirani alisema bila kugeuka, maana kichwa kilikuwa kimeshikwa.

"Starehe. Mke wangu, nipe hiyo simu."

Akavuta kigoda, akaanza kusoma. Alipokaribia mwisho, masharti yakabadilika, akarudi mwanzo. Yakabadilika tena.

"Hawa watu," alisema, "kila nikipata tundu la ufunguo wanahamisha mlango."

Jumatatu akaongozana na mkewe hadi ofisi za kampuni. Binti wa mapokezi akawakaribisha viti.

"Mwenye akaunti ni nani?"

"Mimi, marehemu."

"Pole sana, baba. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kukataa."

"Hakuna shida. Ili ukatae, unaingia kwenye akaunti. Ili uingie, unakubali masharti mapya. Ukishakubali, humo ndani kuna mahali pa kukataa."

"Mwanangu," msusi alisema, "yaani mtu ameze kwanza ndipo aulizwe kama anataka kula?"

"Mfumo ndivyo ulivyo, mama. Na hata hivyo alishakubali kwa kuendelea kutumia huduma."

"Kuendelea vipi? Nimemzika mwenyewe!"

"Hakufunga akaunti," binti alisema kwa upole. "Kwetu kimya ni kukubali."

Fundi akainuka. "Sikubali!" alisema, na vioo vikatikisika. Neno hilo lilitoka na sauti yake yote. Alipofungua kinywa kuongeza jingine, hakikutoka kitu. Papo hapo, kwenye kipaza sauti cha duka la magodoro la ng'ambo ya barabara, sauti yake ikasikika ikieleza bila haraka, kwa namna yake ile ya kuburuta maneno, kwamba godoro zuri ni rafiki wa mgongo.

Msusi alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Fundi akaketi tena, na hakuondoka. Wiki ile wakaja marehemu wengine: mwalimu wa nyimbo, bibi aliyekuwa akiwasimulia wajukuu hadithi kwa simu, kijana aliyeacha ujumbe mmoja tu wa kumwomba dada yake radhi. Hawakuwa na sauti. Kila walipoulizwa kama wamekubali, walitikisa vichwa. Wafanyakazi wakazoea kupita kati yao wakibeba chai.

Kampuni ikabandika tangazo ukutani: atakayekalia viti vyake atahesabika amekubali masharti.

Marehemu wote wakasimama.

Wamesimama mpaka leo. Jumapili msusi huja na pasi, akainyoosha suti ya mumewe hapohapo mwilini, taratibu, akimweleza habari za nyumbani. Akitoka, kipaza sauti kikianza, husimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, akaikatiza ile sauti aliyoipenda.

"Mwongo wewe! Mwenyewe hajakubali!"

Madereva hupiga honi. Yeye hurudia, kwa nguvu zaidi.

Magodoro yanauzika sana. Ndani ya ofisi, hakuna aliyeketi.