Kode Kutoka Chini

Rehema alikuwa akirekebisha ukurasa wa kuingilia kwenye tovuti ya kampuni ya mgodi pale Habiba alipovua viatu mlangoni pa ofisi, kama anaingia nyumbani kwa mtu, akaketi.

"Dada, kode inatukatala."

Mumewe, Yuma, alifukiwa na udongo shimoni, simu ikiwa mfukoni. Kampuni ilisawazisha shimo, ikaandika kwamba ametoroka kazi. Habiba alitaka kitu kimoja: mwili ufukuliwe, auoshe, auvike sanda, auzike. Lakini ombi kama hilo lilipokelewa kwenye tovuti tu, kupitia akaunti ya mfanyakazi mwenyewe. Neno la siri alilijua, lilikuwa jina la binti yao, Najma. Baada ya hapo mfumo ulituma kode kwenye simu ya Yuma, huko chini.

"Simu ikilia, anapanda kutuletea," Habiba alieleza. "Lakini anafika, kode imeshakufa. Kutoka kule mpaka ku mtaa yetu ya Kenya iko mbali, na ba-taximoto habamubebake. Banasema anachafula kiti."

Rehema alielewa. Kode iliishi dakika tano, na udongo ule ulikuwa mwingi. Kumwomba ruhusa chef Ruphin, mkuu wake wa kazi, aliogopa. Sauti kubwa zilimfanya asahau maneno. Akafungua mipangilio kimyakimya, akaipa kode umri wa jioni nzima.

Magharibi alikuwa nyumbani kwa Habiba. Yuma aliingia adhana ikiisha, vumbi la kijani la shaba mpaka kwenye kope. Akamsalimia mgeni, akatoa simu, akasoma namba za kode polepole.

"Papa, unasoma kama mutoto wa shule!" Najma alicheka.

"Kule chini hakuna mwangaza, mama."

Ukurasa ukafunguka: *Karibu, Yuma*. Habiba akatuma ombi, kisha akamwandalia mumewe bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo.

Asubuhi chef Ruphin alimwita Rehema. Hakuwa na hasira.

"Yuma aliingia jana. Neno la siri yake, kode ya simu yake. Muntu anaingia mwenyewe, iko muzima. Tutafukula nani?"

"Chef, iko chini."

"Apande, basi."

"Anapandaka kila magaribi, chef."

"Aje asubuhi, saa ya kazi."

Ombi likafungwa. Sababu: mfanyakazi yu hai. Ushahidi wote ulikuwa kazi ya mikono ya Rehema.

Siku hizi hakuna anayeomba kode, lakini Yuma bado anakuja, kwa mazoea. Habiba humketisha uani, akamwosha viganja, uso, kisha mkono wa kulia kabla ya wa kushoto, hadi miguuni. Najma hushika sabuni. Rehema huchota maji. Ndoo ya kwanza humwagika ya kijani, na ya pili, na ile inayofuata. Mpaka Yuma anapoinuka kurudi, maji hayajawahi kutoka meupe.