Ngano ya Kando ya Barabara

Tausi alikuwa akimwagilia mistari ya ngano iliyopakana na barabara, kama alivyoagizwa na Alexander, bwana shamba wa mradi. Ya ndani aiache, alimwambia. Maji hayatoshi, na wageni watakaokuja kuukagua mradi hawatafika huko.

Shamba lilikuwa lake, hapo Mwera. Msimu huo aling'oa mihogo yake akawaachia shamba watu wa mradi, waliokuja na mbegu waliyosema inahimili joto la pwani. Wangegawana mavuno. Ngano ikaota vizuri, ikatoa masuke. Joto kali likazikuta punje zikiwa bado laini, zenye majimaji kama maziwa.

Mudathir, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupima mimea, ndiye aliyemweleza kwa nini majani yalikauka mapema. Mmea ukizidiwa na joto hushindwa kutengeneza chakula cha kutosha, alisema. Huchota sukari uliyoiweka kwenye bua, ukazilisha punje, na huharakisha kukomaa. Punje hukosa muda wa kujaa.

"Kwa hiyo unajimaliza wenyewe," Tausi alisema.

"Ndiyo, mama. Ili mbegu ipone."

Kabla wageni hawajafika, Alexander alimvuta Tausi pembeni, akamtaka aseme ngano imekubali. Mradi ukisifiwa, utaongezewa msimu. Mudathir aliyasikia hayo akainamisha macho; Alexander ndiye msimamizi wake.

Wageni walishuka garini, wakapiga picha palepale barabarani. Mmoja wao, Kristina, alimwamkia Tausi, akamwuliza ameionaje ngano. Tausi aliingia katikati ya shamba, akakata suke, akalipukusa kiganjani na kupuliza. Punje nyingi ziliruka pamoja na makapi. Zilizobaki zilikuwa zimesinyaa.

"Hiyo mnayoipiga picha ni ndoo zangu za maji," alisema. "Ngano ni hii."

Kristina alimgeukia Alexander. Alexander akasema kipande hicho kina udongo mbaya. Mudathir akafunga daftari lake la vipimo. Wageni wakapanda gari, na Alexander, kabla ya kuwafuata, akamwambia Tausi kwamba mwakani watatafuta mkulima mwenye ushirikiano.

"Heri," Tausi akajibu.

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akaenda kwa jirani yake Sabiha kumsaidia kung'oa mihogo ili apate fungu la kupika.  Sabiha alimwonyesha pa kuanzia.