Usimwaibishe Daktari wa Watu

Daktari wa upasuaji pale hospitalini walimwita Mikono ya Dhahabu, na mwenyewe hakulikataa jina. Aliingia wodini kifua mbele, akautazama mpira uliokuwa ukichuruza nyongo kutoka tumboni mwa mdogo wangu, akasema, "Mrija wa nyongo ulipata hitilafu kidogo."

Ulipata hitilafu. Utadhani mrija uliamka asubuhi ukajikata wenyewe. Mdogo wangu alikwenda kutolewa kifuko cha nyongo chenye mawe, na huyu bwana akaukata na mrija unaotoka kwenye ini. Sasa macho ya mtoto wa mama yangu yalikuwa manjano na alijikuna mpaka damu.

"Nitaunganisha mrija na utumbo," akaendelea. "Kazi ndogo."

Ndogo kwake. Daktari wa zamu alikuwa amenivuta pembeni koridoni akaniambia kazi hiyo ina mabingwa wake hospitali ya rufaa. Ikishonwa vibaya, kiungo cha mrija na utumbo husinyaa, homa haziishi, na ini huharibika. "Mpelekeni," akasema. "Ila mimi sijasema kitu." Bosi wake akapita, naye akajifanya ananielekeza choo kilipo.

"Tunaomba rufaa," nikamwambia Mikono ya Dhahabu.

Akacheka kwa pua. "Mama, kwani huniamini?"

Kabla sijamjibu, mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, mbona unamwaibisha daktari wa watu? Kila asubuhi anakuja kuniona." Akaomba kalamu, akasaini fomu ya kukubali upasuaji, akamshukuru. Ndivyo alivyo. Msusi aliwahi kumuunguza sikio, akaomba radhi yeye, kwa kuwa na sikio.

Kiungo kikasinyaa. Mwaka haukuisha, akawa anatetemeka kwa homa na macho yamerudi manjano. Sasa tuko rufaa. Bingwa wa ini, mama mfupi asiyependa kupamba maneno, ametuambia wazi: lazima apasuliwe tena, ila tumbo limejaa makovu, damu inaweza kumwagika nyingi, na huenda mgonjwa asiamke. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Kitanda cha magurudumu kimefika. Mdogo wangu ananivuta karibu, nami nainama nikijua anataka kuniusia wanawe.

"Dada," ananong'ona, "yule daktari wa kwanza asijue kama napasuliwa tena. Atajisikia vibaya."