Chunusi za Mwanangu

...chwaa, chwaa, uwatu unalia kwenye mafuta ya haradali, usiku wote huu mama mkwe bado yuko jikoni, asubuhi atampaka tena mwanangu mpaka usoni, ang'ae kama sufuria mpya, wiki tatu tu duniani na mashavu yamejaa chunusi kama ya kijana wa sekondari, na mimi nimejifunika naye blanketi nikijifanya nimelala, nisisikie, lakini nasikia, "Maziwa yake yana moto, Tilkumari," anamwambia wifi yangu, "si alikuwa analamba achari na mimba yake, kesho mtoto aanze maziwa ya nyati wetu wa zizini," na wifi anacheka, "Mama, hata chunusi zangu ulisema ni achari," "Zako zilikuwa uvivu wa kunawa, nyamaza huko"... wataniondolea mtoto kifuani, wiki tatu, Mungu wangu, na kama ni kweli, kama mimi ndiye ninayemchoma kwa maziwa haya... hapana, hapana, leo kituoni nesi alimtazama akatabasamu, "Mdogo wangu, ni homoni, nyingine zako zilizobaki mwilini mwake, zimeamsha tezi za mafuta, vitundu vya ngozi vikaziba, chunusi zitaisha zenyewe, uso mwoshe kwa maji matupu, haradali usoni hapana, na nyonyesha," na zile tezi nilimalizia mimi kuzieleza, maana darasa la kumi niliichora ngozi ubaoni, unywele, tezi, mfereji wake, darasa zima likanakili, nesi akaniuliza, kumbe umesoma?... nimesoma, ndiyo, mimi Sarumaya nimesoma, kesho nitasema, Mama, maziwa yangu hayana kosa, atanyonya, usoni msimpake kitu... pua wanasema ya babu, masikio ya baba yake, vidole vya shangazi, wamemgawana mtoto mzima kama mbuzi wa sikukuu ya Dasain, mimi nikakosa hata kipande, kumbe hivi vipele, hivi wanavyovionea aibu mbele ya wageni, vina mkono wangu, mwili wangu bado unafanya kazi ndani yake, wangu, wangu jamani, nani mwingine angempa... vitaondoka, na viondoke, awe na afya, ila nyonya, baba, nyonya taratibu, ya maziwa nitawaambia wote kesho, lakini hili la kwamba nimezipenda chunusi zako nakwambia wewe tu, naahidi, simwambii mtu mwingine.