Tumbawe la Jeddah

Tumbawe lile hai, mama yake bosi alilichagua mwenyewe huko Jeddah, akamtumia mwanawe Riyadh. Bosi aliliweka chini kabisa ndani ya tangi la samaki, akapunguza taa, akamwonya Rael, mfanyakazi wake kutoka Kitale: lizoeshwe mwanga kidogo kidogo.

Mama akafariki, bosi akaenda kuzika. Rael, ambaye chumba chake hakina dirisha, alilionea huruma. Kitu cha bahari yenye jua kali, kifungiwe gizani? Akawasha taa zote, juma zima.

Bosi aliporudi, tumbawe lilikuwa limepoteza rangi yake, jeupe pe.

“Limetakata, baba,” Rael akasema kwa fahari.

Bosi akainamia kioo cha tangi.

“Limeungua, Rael,” akasema hatimaye, akizima taa. “Mama naye nimemwacha mweupe hivi hivi, ndani ya sanda.”